Picha mbili za majuu unazozijua, na ya tatu ambayo hukuonyeshwa

Kama umewahi kupanga foleni ya pasipoti pale Nyayo House, unaijua ile asubuhi. Unafika kabla jua halijachomoza vizuri na bado unakuta watu wamekutangulia, kila mmoja na bahasha yake ya kaki na simu inayokaribia kuisha chaji. Jamaa wa mbele anaenda Qatar. Dada wa nyuma amepata kazi ya kutunza wazee Uingereza, ama ameambiwa amepata. Mnaulizana maswali yale yale: umelipa ngapi, wakala wako ni nani, viza inachukua muda gani. Ukitoka humo saa nane njaa inakuuma, hutazami kushoto wala kulia, unakimbilia matatu.

Siku nyingine tazama. Pembeni mwa Nyayo House, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, kuna jengo la zamani la mawe, fupi, lililojengwa mwaka 1913. Ni Nairobi Gallery. Enzi za mkoloni watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo humo. Na ndipo mahali palipoitwa Pointi Sifuri, kwa sababu umbali kutoka Nairobi hadi miji mingine ulipimwa kuanzia hapo. Leo ndani yake kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa nchi hii, ambaye mwenyewe aliwahi kuishi London kama mkimbizi wa kisiasa miaka ya 1950.

Yaani jengo moja linakupa kibali cha kwenda mbali, na jirani yake ndipo umbali unapopimwa. Sijui kama kuna aliyepanga iwe hivyo. Lakini ni mahali pazuri pa kuanzia, maana leo nataka tuongee kuhusu kuhama, na nataka tuongee kwa kutumia picha za kuchorwa. Usiende bado.

Ukifikiria vizuri utagundua kwamba sisi vijana wa mjini tunazijua picha mbili tu za majuu. Ya kwanza ni ile ya steti: msichana uliyesoma naye Form Three amesimama mbele ya ghorofa ndefu za Doha au Dubai, miwani ya jua, koti jipya, nyuma yake taa zinawaka kama sikukuu. Picha ya pili huioni kwenye simu ya mwenye picha, unaiona kwenye taarifa ya saa moja. Ni sanduku linaloshushwa pale uwanja wa ndege wa JKIA, na mama anayeshikiliwa na majirani wawili asianguke.

Picha ya kwanza inaipendelea serikali. Nayo ina sababu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, pesa nyingi kuliko zinazoletwa na chai, na kuliko zinazoletwa na watalii. Ndiyo maana kila mara unasikia mkataba mpya: wauguzi kwenda Uingereza ulitiwa saini 2021, ule wa Ujerumani ulitiwa saini Berlin mwezi Septemba 2024. Ukumbuke tarehe hiyo. Ilikuwa miezi mitatu tu baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Kijana wa Juni alikuwa anasema nataka hii nchi inifae. Jibu la Septemba likawa kuna nafasi Ujerumani.

Picha ya pili inapendwa na wanahabari na, mara moja moja, wanasiasa wa upinzani. Nayo pia ni ya kweli. Sitaki mtu aniambie nazidisha mambo, miili imerudi na familia zimezika.

Shida ni kwamba wengi waliohama hawamo katika picha yoyote kati ya hizo mbili. Hawajaomoka, hawajafa. Wako tu. Wanafua, wanaendesha lori, wanalinda geti la jengo ambalo hawajawahi kupanda orofa yake ya juu, wanatuma elfu kumi na tano kila mwisho wa mwezi. Maisha yao hayana picha, na kitu kisicho na picha siku hizi ni kama hakipo.

Binamu yangu yuko Dammam, Saudi Arabia, huu ni mwaka wake wa tatu. Tulilelewa ploti moja Rongai. Akipiga simu ya video Ijumaa haulizi sana habari za watu, maana hizo anazipata kwenye kikundi cha familia. Anachotaka ni nipande juu ya paa, nigeuze kamera, nimwonyeshe Ngong. Unavijua vile vilima, vimekaa kama ngumi iliyolazwa, vifundo juu. Siku moja mtandao ulikuwa mbovu kabisa. Picha ikaganda, ikavunjika vipande vya mraba: kipande cha kijani kibichi, kipande cha kijivu, bluu juu, kitu cha rangi ya udongo chini. Nikamwambia ngoja nikate nipige tena. Akasema, "Wacha hivyo hivyo. Naiona."

Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Halafu nikakumbuka kwamba niliwahi kuona picha kama ile, kitabuni, na haikuwa hitilafu ya mtandao. Ilikuwa imechorwa na mwanamke anayeitwa Etel Adnan.

Adnan alizaliwa Beirut, Lebanon, mwaka 1925. Mama yake alikuwa Mgiriki wa Smyrna, mji ambao leo unaitwa Izmir, nchini Uturuki, na ambao uliteketea kwa moto mwaka 1922. Baba yake, mzaliwa wa Damascus, alikuwa ofisa katika jeshi la dola la Ottoman, na dola hiyo nayo ikasambaratika. Kwa hivyo msichana huyu alilelewa na watu wawili ambao kwao hakukuwepo tena. Nyumbani waliongea Kigiriki na Kituruki. Barabarani Kiarabu. Shuleni masista walifundisha kwa Kifaransa na Kiarabu kilikatazwa. (Wewe uliyewahi kubebeshwa diski shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani, hapo huhitaji maelezo.)

Akaenda kusoma Paris, halafu mwaka 1955 akahamia Marekani, na baadaye akapata kazi ya kufundisha falsafa katika chuo kimoja kidogo cha California. Alifundisha falsafa ya sanaa bila kuwahi kuchora. Mwalimu mwenzake wa idara ya sanaa akamuuliza, unawezaje kufundisha kitu usichokifanya? Akampa rangi. Wakati huo Algeria ilikuwa inapigania uhuru kutoka kwa Ufaransa na watu walikuwa wanauawa. Adnan, ambaye aliandika mashairi kwa Kifaransa, akaona lugha ile inamkwama kooni. Kuandika kwa Kiarabu hakuweza, hakufunzwa. Basi akajiambia kwamba kuchora ndiko kutakuwa Kiarabu chake.

Soma sentensi hiyo tena. Mtu amehama mpaka lugha zote alizo nazo zina kasoro, akaamua rangi ndiyo lugha ya mama.

Alikuja kuishi Sausalito, mji mdogo ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitoka San Francisco, na dirishani mwake alikuwa anauona mlima unaoitwa Tamalpais. Una mita 784. Kwetu huo ni mlima wa kuchekwa, vilima vyetu vya Ngong vinapita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Lakini alianza kuuchora, na akauchora kwa miongo. Turubai zake ni ndogo, nyingi unaweza kuzibeba kwapani. Hakuzisimamisha kwenye mbao za wachoraji. Alizilaza mezani kama mtu anayeandika barua. Alitoa rangi moja kwa moja kwenye tyubu, akaipaka kwa kisu kipana, na alipenda kumaliza picha kwa mkao mmoja. Unachokiona ni pembetatu ya kijani au zambarau, ukanda wa manjano, bluu, duara ambalo huenda ni jua, na mara nyingi mraba mdogo mwekundu. Hakuna mti, nyumba wala mtu.

Hii ndiyo wanaita sanaa dhahania: picha isiyojaribu kukuonyesha kitu jinsi kilivyo, inakupa tu rangi, mistari na maumbo, halafu inakuacha uhangaike. Najua unachotaka kusema. Hata mtoto wa PP2 anaweza kuchora hiyo. Pengine. Lakini mtoto wa PP2 hachori mlima mmoja kwa zaidi ya miaka hamsini.

Na hapa ndipo kuhama kunapoingia. Mwaka 1972 Adnan alirudi Beirut, nyumbani kwa kuzaliwa, akafanya kazi ya uandishi wa habari, mhariri wa utamaduni katika gazeti. Ungedhani hadithi imekwisha, mtoto amerudi. Mwaka 1975 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka. Akaondoka tena, Paris, kisha California. Uzeeni akahamia Paris moja kwa moja, na alipokuwa hawezi tena kusafiri safari ndefu, aliendelea kuuchora mlima wa California kwa kumbukumbu. Sasa niambie, nyumbani kwake ni wapi? Alizaliwa Lebanon, akafia Ufaransa, na mlima alioukosa ulikuwa Marekani, katika nchi aliyoenda akiwa mtu mzima na bahasha yake mkononi.

Ndiyo maana nasema picha zake zina ukweli kuliko picha za steti. Mtu akikaa mbali na mahali, vitu vidogo vinaondoka kwanza. Jaribu kumuuliza aliyekaa nje miaka mitano: duka la pale kwenu kona lilikuwa na mlango wa rangi gani? Atakudanganya au atanyamaza. Muulize jioni ilikuwaje kwao. Hapo atakueleza mpaka salio liishe. Mwanga ulivyokuwa, vumbi, harufu ya makaa, rangi ya mabati jua likiyapiga. Kinachobaki ni umbo na rangi, bila maelezo. Mchoraji angeweza kujidanganya, achukue picha ya kamera aichore mti kwa mti, mlima uonekane kama wa kalenda. Adnan alikataa. Alichora kile ambacho mtu wa mbali anabaki nacho kweli.

Binamu yangu hakuwahi kumsikia. Lakini aliposema wacha hivyo hivyo, alikuwa anasema jambo lile lile.

Dunia ya sanaa ilimchelewesha mama huyu, hiyo pia niiseme. Alikuwa na miaka 87, mwaka 2012, ndipo maonyesho makubwa ya Documenta kule Kassel, Ujerumani, yalipomfanya maarufu. Alifariki Novemba 2021, akiwa na miaka 96, huku picha zake zikiwa zimetundikwa katika jumba la Guggenheim, New York.

Sasa tuvuke daraja tuingie San Francisco yenyewe, maana huko kuna kisa kingine, na hiki ni cha jirani yetu kabisa.

Mwaka 2017, katika ukumbi wa kuingilia wa jumba la sanaa la kisasa la mji huo, zilitundikwa turubai mbili kubwa ajabu, kila moja takriban mita nane kwa kumi. Zinaitwa HOWL, eon (I, II). Aliyezichora ni Julie Mehretu, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1970, baba Mwethiopia, mama Mmarekani. Mwaka 1977, wakati utawala wa Derg ulipokuwa ukiua watu katika kipindi kilichoitwa Ugaidi Mwekundu, familia yake ilikimbia ikaenda Michigan. Baba yake alikuwa mtaalamu wa jiografia, akafundisha chuo kikuu huko. Kwa hivyo mtoto amekulia katika nyumba ambayo ramani ni kazi ya baba, na kwao wenyewe kumebaki kwenye ramani tu.

Picha zake za miaka ya mwanzo ni kama ukichukua ramani za viwanja vya ndege, viwanja vya michezo na miji mizima, ukazichora kwa mistari myembamba, ukazipandanisha tabaka juu ya tabaka, na juu yake ukamwaga maelfu ya alama ndogondogo za wino. Alama hizo zinakimbia, zinajikusanya, zinapotea upande mmoja na kuibuka upande mwingine. Mwenyewe huzichukulia kama wahusika, kama watu walio njiani. Picha yake ya mwaka 2001, Retopistics: A Renegade Excavation, imejengwa juu ya michoro ya viwanja vya ndege. Ukisimama mbele yake huwezi kusema hiki ni kituo gani cha nchi gani. Kama uliwahi kulala kwenye benchi ukingoja ndege ya kuunganisha, utaelewa kwamba hivyo ndivyo ulimwengu unavyoonekana saa tisa usiku.

Adnan alibaki na mlima mmoja akaufanya nanga. Mehretu aliondoka mdogo sana kuweza kubaki na mlima. Alichobaki nacho ni mwendo.

Lakini zile za San Francisco ndizo zinazonigusa zaidi. Chini kabisa ya rangi, Mehretu aliweka picha za mandhari za Marekani zilizochorwa karne ya 19: mabonde, maporomoko, milima ya magharibi yenye mwanga wa dhahabu. Akazivuruga kwa kompyuta mpaka zikawa ukungu, akachanganya na picha za habari za ghasia za mitaani, halafu akaandika juu yake kwa wino mweusi kama mtu aliyekasirika. Kwa nini azivuruge, na zilikuwa picha nzuri? Kwa sababu zile picha nzuri zilikuwa zinasema uongo mmoja mkubwa: kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Ukiichora bonde bila watu, anayetazama anaona nafasi ya kuhamia. Wenyeji waliokuwa wakiishi humo wameshafutwa kwenye picha kabla hawajafukuzwa kwenye ardhi.

Hilo tunalijua sisi. Nenda Soko la Maasai uangalie zile picha za watalii: jua jekundu, mti mmoja wa mgunga, twiga, hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna mtu isipokuwa morani mmoja anayetazama mbali. Nchi ilitangazwa hivyo kwa walowezi pia, mpaka zikaitwa Nyanda za Juu za Wazungu, na wenyewe wakawa maskwota kwenye ardhi yao. Picha ya mandhari haijawahi kuwa kitu cha mapambo tu. Mara nyingine ni hati ya umiliki. Mandhari ya Mehretu inakuuliza ni nani alikuwa amesimama hapo, na amehamia wapi.

Niseme na pesa, maana najua unasubiri. Novemba 2023 picha yake ya mwaka 2008, Walkers With the Dawn and Morning, iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 10.7, zaidi ya shilingi bilioni 1.5. Anayepata pesa hizo za mnada huwa ni mwenye picha anayeiuza, huwa si mchoraji, lakini bei ni bei. Mimi kinachonikuna ni kitu kingine. Turubai la mtoto wa mkimbizi linapandishwa ndege, linawekewa bima, linapokewa na watu wenye glavu nyeupe. Mkimbizi mwenyewe, pale uwanjani, anaulizwa barua ya mwaliko.

Na kuna dirisha. Katika kituo cha Barack Obama kilichojengwa Chicago, Mehretu amebuni dirisha la vioo vya rangi lenye urefu wa kama mita 25, linaloitwa Uprising of the Sun. Obama ni mtoto wa kijana wa Alego aliyeondoka Kenya mwaka 1959 kwenda kusoma Hawaii. Sisi tunapenda kuisimulia hadithi hiyo kama ya ushindi, na ni ushindi kweli. Ila yule kijana alirudi nyumbani, na maisha yake hapa hayakuwa mepesi, na mtoto alimwona mara moja tu tangu alipoondoka. Ukilitazama dirisha lile huoni uso wa baba wala wa mtoto. Ni rangi tu na mistari, na jua linapita katikati yake. Nadhani alifanya vizuri kutoweka uso.

Mkenya wa aina hii yupo? Yupo, na nashangaa hatumtaji. Anaitwa Naomi Wanjiku Gakunga, alisoma Nairobi kisha Marekani, na anaishi San Antonio, Texas. Yeye hachori kwa brashi. Anachukua mabati na nyaya, anayaacha kwenye maji na jua mpaka kutu ijichoree yenyewe, kahawia, machungwa, kijivu, halafu anayakata na kuyashona pamoja yaning'inie ukutani. Kwa mbali unaona nchi kavu iliyopigwa picha kutoka angani. Chanzo cha mabati yale ni vile vikundi vya akina mama baada ya uhuru, waliochanga senti kwa senti wakaezekeana nyumba kwa zamu, wakaachana na nyasi.

Mabati, jamani. Fikiria hizo dola bilioni 5. Waulize walio nje pesa zao za kwanza zilifanya nini. Wengi watakwambia karo, halafu watakwambia waliezeka nyumba ya mathe. Huyu mama amekaa Texas akaona kwamba ukitaka kuchora nchi ya Mkenya aliye mbali huhitaji kuchora mlima. Chora paa lililolipwa, na uache mvua ilifanye inavyotaka.

Utaniuliza, haya yote yanahusiana vipi na siasa za ajira ughaibuni? Yanahusiana hivi. Tunabishana kuhusu kuhama kana kwamba ni swali la ndiyo au hapana, nenda au baki, kwa sababu picha tulizo nazo ni mbili na kila moja ina jibu lake tayari. Kwa picha ya kwanza, serikali inahesabu walioondoka na pesa zilizoingia. Anayeenda kufanya kazi ya nyumbani Ghuba hupitia mafunzo kabla ya safari: kutumia mashine, kupika vyakula vya huko, maneno machache ya Kiarabu. Vizuri. Lakini sijasikia nani anampanga mtu kwa mwaka wa tatu, ule ambao hakuna kilichoharibika na hakuna kilichonyooka, na nyumbani kumeanza kufifia. Wala sisikii mpango wenye uzito kuhusu kurudi. Mikataba inaongea kuhusu nafasi za kwenda. Anayerudi anapokelewa na familia yenye orodha, akimaliza akiba anaulizwa unarudi lini huko.

Adnan alirudi na nchi ikamkataa kwa risasi. Yetu haina risasi hizo, lakini inaweza kukukataa kwa njia ya upole: bei zimepanda, marafiki wameoa, lugha ya mtaani imebadilika wewe bado unaongea Sheng ya 2021. Mtu anajikuta anamkosa Dammam. Anaona aibu kusema. Atamwambia nani kwamba anakumbuka rangi ya jangwa jioni akiwa kwao Rongai? Tungekuwa na picha ya tatu, angekuwa na namna ya kulisema.

Simwambii mtu asiende. Mimi mwenyewe nina pasipoti kabatini. Ninachosema ni kwamba ukiwa na mtu huko nje, usimwombe tu picha ya ghorofa, na usisubiri mpaka awe taarifa ya saa moja ndipo umwulize anaishije. Na ukiwa na saa moja ya kupoteza mjini, ingia hapo jirani na Nyayo House, au panda hadi NCAI, kile kituo cha sanaa kilichoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, Mnairobi ambaye miaka yake mingi imegawanyika kati ya hapa na London. Simama mbele ya kitu usichokielewa kwa dakika tano bila kutoa simu. Kama hakitasema kitu, hujapoteza nauli ya ndege.

Mkataba wa binamu yangu unaisha Desemba. Anasema safari hii anarudi kabisa, nami nimejifunza kutouliza "kabisa" maana yake nini. Ijumaa iliyopita alipiga tena akataka Ngong. Sasa, pale mbele ya ploti yetu kuna flati inajengwa, imefika orofa ya nne, na tangu mwezi jana ukisimama juu ya paa huoni chochote isipokuwa zege na nguo za mafundi. Nilipanda kwenye jukwaa la tangi la maji, nikashika nguzo kwa mkono mmoja, nikanyoosha simu juu kabisa mpaka kile kifundo cha mwisho kikaonekana pembeni mwa ukuta. Mtandao ulikuwa mzuri siku hiyo. Nikaitikisa simu kidogo ili picha isitulie.

Hakuniuliza kwa nini. Sijamwambia kuhusu ile flati.